Posti ndogo za kuchomelea zimejaa madukani Lubumbashi: je, zinafaa kwa kazi za nyumbani?

LUBUMBASHI – Katika kenkayeri nyingi za mji wa Lubumbashi, jimboni Haut-Katanga, siku hizi zinapangwa kwenye rafu kando ya makufuli na makopo ya rangi: posti ndogo za kuchomelea vyuma, nyingine nyekundu, nyingine za manjano, ukubwa wa sanduku la viatu, zenye mkanda wa kubebea begani. Uzito wake ni kilo tatu hadi tano. Ubavuni zimeandikwa kwa tarakimu nono 250, 300, hata 400. Bei yake ndiyo inayosimamisha watu: zipo zinazouzwa chini ya dola 100.

Anayesimama kuitazama mara nyingi si fundi wa sudire. Ni mwalimu, dereva wa teksi, mfanyakazi wa ofisi, au kijana anayependa kutengeneza vitu kwa mikono yake siku ya Jumapili. Nyumbani ana lango lililong'oka bawaba, mbabula iliyotoboka chini, viti viwili vya chuma vinavyoyumba, na amechoka kumwita fundi kwa kazi ya dakika tano. Anachotaka kujua ni kimoja: sanduku hili litafanya kazi, au pesa iliyokuwa ya ada ya shule itakwenda kulala kwenye depo?

Litafanya kazi, tena vizuri kuliko mafundi wengi wa zamani wanavyopenda kukubali. Lakini si kwa sababu ya namba iliyoandikwa ubavuni. Kinachoamua ni unene wa bageti, waya unaoleta umeme ndani ya parseli, na mkono wa mwenyewe. Na ziko kazi chache ambazo mtu wa kujifurahisha hapaswi kuzigusa, hata kama mashine yake inaziweza.

Peugeot 404 haina viti 404

Bageti inayotumika zaidi kwa kazi za nyumbani ni ile ya milimita 2.5. Inataka ampea 60 hadi 90 hivi. Ile ya milimita 3.2, ambayo watengenezaji wa malango makubwa huipenda, inataka kati ya 90 na 140. Ya milimita 4 ni ya vyuma vinene. Hakuna kiti wala mbabula inayoihitaji. Kwa hiyo mtu wa nyumbani anatafuta posti inayotoa ampea 100 za kweli, au 120 akipata. Ampea 300 hazina kazi kwake, hata kama zingekuwepo.

Na kwa kawaida hazipo. Kanuni ya kimataifa inayotumika kupima posti za bageti inahesabu kwamba kwenye ampea 100, moto wa bageti unawaka kwa volti 24. Ukizidisha unapata wati 2,400. Mashine yenyewe hupoteza sehemu ya umeme kuwa joto, kwa hiyo inavuta ukutani karibu wati 3,000. Juu ya hilo, posti za bei nafuu huvuta umeme kwa mikupuo badala ya kuuvuta kwa utulivu, na matokeo yake waya wa nyumba hubeba ampea kama 20 kwenye volti 220. Hiyo ni kwa bageti moja ya kawaida tu.

Sasa chukua ile iliyoandikwa 250. Kwenye ampea 250 kanuni hiyo hiyo inahesabu volti 30, yaani wati 7,500 kwenye ncha ya bageti. Hata mashine isiyopoteza chochote ingehitaji ampea 34 ukutani. Mashine ya kweli, ya bei hiyo, ingepita 50. Fishi ya kawaida ya nyumbani imetengenezwa kwa ampea 16. Ukiona posti ya 250 yenye waya mwembamba kama wa pasi, ujue kwamba namba hiyo ni jina la modeli tu, kama vile Peugeot 404 isivyokuwa na viti 404. Huenda ni mashine nzuri. Ila ni mashine ya ampea 100 au 120, na inafaa ilipwe bei ya ampea 100 au 120.

Ukweli huandikwa mahali pengine, kwenye kibao kidogo cha vipimo nyuma au chini ya sanduku, kwa herufi ambazo wauzaji wengi hawazitaji. I2 ni ampea zinazotoka. I1max ni ampea ambazo mashine inavuta ukutani inapofanya kazi kwa nguvu zote. Pale I1max inaposoma 20 na tangazo la ubavuni linasoma 300, anayesema uongo ni tangazo. Posti isiyo na kibao hicho kabisa ni bora kuiacha dukani.

Kuna pia herufi X, na pembeni yake asilimia. Hiyo inaonyesha mashine inaweza kuchomelea dakika ngapi katika kila dakika kumi kabla ya joto kuilazimisha kusimama. Asilimia 60 ni dakika sita za moto na nne za kupumzika. Asilimia 30 ni dakika tatu na saba. Vipimo vya mashine za kazi huchukuliwa kwenye joto la nyuzi 40, na si kila mtengenezaji wa posti za bei nafuu anafuata hilo, kwa hiyo mwezi wa Oktoba, jua la Lubumbashi likiwa kali kabla ya mvua, asilimia ya kwenye kibao inaweza kupungua.

Hapa ndipo mtu wa nyumbani anaposhinda. Bageti ya 2.5 huisha kwa dakika moja hivi. Baada yake anagonga gamba, anapiga brashi, anaangalia alichofanya, anasikitika kidogo, anageuza chuma, anatafuta koleo. Zinapita dakika tatu bila moto. Mashine inapumzika bila kuambiwa. Karakana ya mtaa wa Kenya au Katuba inayotoa malango tangu asubuhi hadi jioni haiwezi kuishi na posti hiyo. Mwenye viti viwili vinavyoyumba anaweza kuishi nayo miaka.

Kwa nini imekuwa nyepesi

Fundi wa Lubumbashi anayeidharau posti ndogo ana sababu yake. Yeye amekulia na posti ya transfoma, lile sanduku zito la chuma na nyaya za shaba ambalo watu wawili hulibeba, na ambalo mara nyingi limesokotwa hapa hapa mjini. Ujuzi huo ni wa zamani katika mji huu uliojengwa na migodi. Mwaka 2003 Gécamines ilipoanza mpango wake wa kuondoka kazini kwa hiari, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka, na pamoja nao mambo mengi ya karakana za kampuni hiyo yaliingia mitaani. Posti ya transfoma haiogopi vumbi. Ikiungua, inafunguliwa, inasokotwa upya, inarudi kazini.

Posti mpya hufanya kazi kwa njia nyingine. Inachukua umeme wa ukutani, inaunyoosha, inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, kisha inaupitisha kwenye transfoma ndogo. Kadiri umeme unavyokatwa kwa kasi, ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo. Ndiyo sababu kilo nyingi za shaba zimegeuka kuwa kitu cha kuning'iniza begani. Umeme unaotoka ni wa moja kwa moja, haugeukigeuki, na kwa mwanafunzi hilo ni zawadi kubwa: moto unawaka kwa urahisi na hauzimiki ovyo. Nyingi zina msaada wa kuwasha bageti, na nyingine hupunguza umeme zenyewe bageti ikinata, ili isigeuke kuwa nyekundu mkononi.

Gharama yake ni kwamba ikifa, imekufa kwelikweli. Ndani kuna bodi ya elektroniki, na fundi anayejua kusokota shaba si lazima ajue kubadilisha vipande vyake. Kwa hiyo garanti ya duka, hata ya miezi mitatu, iliyoandikwa kwenye fakture yenye muhuri, ina thamani kuliko begi la plastiki na brashi wanazokupa bure.

Umeme wa jioni si umeme wa mchana

Posti inayofanya vizuri dukani inaweza kukataa kabisa kufanya kazi nyumbani, na mnunuzi akarudi na hasira kumbe mashine haina kosa. Katika mitaa mingi ya Lubumbashi, umeme wa SNEL unapokuwepo, nguvu yake hushuka jioni watu wote wanapowasha majiko. Posti nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa volti 220 au 230, na huvumilia kushuka kwa asilimia 10 hadi 15. Chini ya hapo zinatapatapa, bageti inanata, taa ya onyo inawaka. Kabla ya kutoa dola hata moja, inafaa kuazima kipima-volti na kupima prizi ya nyumbani mara mbili, saa nne asubuhi na saa moja jioni. Kama jioni inasoma 170, ama kazi itafanyika asubuhi, ama itafutwe posti iliyoandikwa wazi kwamba inakubali volti za chini.

Ralonje nayo hula umeme. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, wenye urefu wa mita 20, hupoteza karibu volti 10 ukipitisha ampea 20, wa 2.5 hupoteza chini ya 6. Volti 10 si kitu pale umeme unapoanzia 225. Unapoanzia 190, ndizo zinazozima moto. Na ralonje ikiachwa imeviringwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea, mpira unayeyuka. Ikunjuliwe yote, hata kama inapita ua mzima.

Usiku mwingine disjonkteri itakata. Itakata kwa sababu inafanya kazi yake. Kuiruka na kuchukua umeme moja kwa moja kwenye nguzo au kabla ya mita ni kuweka nyumba nzima, na ya jirani, kwenye waya usio na ulinzi wowote. Moto wa aina hiyo hauchagui parseli.

Kwa wanaotegemea gurupu, zile jenereta ndogo za kubeba kwa mkono mmoja hazitoshi. Kwa ampea 100 inahitajika jenereta ya kVA 5 hivi, yenye kidhibiti cha volti kinachofanya kazi. Jenereta yenye volti zinazopanda na kushuka inaweza kuunguza bodi ya posti mpya siku ile ile. Mashine ya jua ya nyumbani, ile inayowasha televisheni na balbu, haihusiki hapa.

Dakika kumi dukani

Muuzaji anayeiamini bidhaa yake atakubali iwashwe. Mnunuzi afike na bageti tatu za 2.5 na kipande cha chuma. Aweke ampea 80, achome zote tatu mfululizo, asikilize feni. Moto ukibaki sawa tangu bageti ya kwanza hadi ya tatu, hiyo ni posti ya kazi za nyumbani. Ikizima kwenye ya pili, hakuna haja ya maelezo.

Kisha aangalie nyaya. Hapo ndipo watengenezaji wanapobana senti. Nyaya za kushikia bageti na za masi mara nyingi ni fupi, na ndani yake si shaba tupu bali aluminiamu iliyopakwa shaba. Kukwangua kwa kisu kidogo kunatosha: rangi ikigeuka nyeupe, ni aluminiamu. Zitafanya kazi kwa muda, zikichemka. Waya wa shaba wa milimita 16 za mraba unatosha sana kwa ampea 100, na kibanio cha masi chenye nguvu kinaondoa nusu ya matatizo ambayo wanaoanza huyatupia mashine.

Mirija ya mraba inayouzwa mjini kwa ajili ya viti na antivoli ni myembamba, milimita moja au zaidi kidogo. Hiyo ndiyo inayowavunja moyo watu: wanaweka ampea 90, chuma kinatoboka, wanaapa kwamba posti ni mbovu. Kwa mirija hiyo inatakiwa bageti ya milimita 2, ampea 40 hadi 50, bageti ikiwekwa upande wa hasi, na kuchomelea kwa vidonge vifupi vifupi badala ya mstari mrefu. Bageti zenye namba 6013 kwenye pakiti ndizo rahisi kwa anayeanza. Zile za 7018 zina nguvu zaidi lakini zinadai ukavu mkubwa na mkono uliozoea, na kuna posti ndogo zisizoziwasha vizuri. Mtu atumie kilo nzima ya bageti kwenye vyuma chakavu kabla ya kugusa lango la baba mkwe. Anayetaka kufundishwa, INPP ina mafunzo ya kuchomelea, na siku chache na fundi wa mtaani mwenye subira pia zinafundisha mengi.

Pesa iliyobaki iende machoni

Kipande cha plastiki chenye kioo cheusi ambacho kinatiwa ndani ya boksi la posti hakitoshi. Kinashikwa kwa mkono, na kazi ya kuchomelea inahitaji mikono miwili, kwa hiyo baada ya nusu saa mtu anakiweka chini na kufumba macho. Miwani ya jua, ambayo bado inaonekana katika karakana nyingi za mitaani, ni mbaya zaidi: inapunguza mwanga, jicho linatulia, huku miale isiyoonekana ikipita pembeni.

Kinachofuata kinajulikana na kila fundi. Mchana hakuna maumivu. Saa sita au zaidi baadaye, usiku, macho yanawaka kana kwamba yametiwa mchanga, machozi hayakomi, taa haitazamiki. Watu huweka vipande vya viazi au maziwa. Ubaridi hupunguza maumivu, lakini hautibu kidonda, na maziwa yanaweza kuingiza uchafu. Mara nyingi jicho hupona lenyewe kwa siku moja au mbili. Likiendelea kuuma au kuona kukififia, hospitali. Barakoa ya kuvaa kichwani yenye kioo namba 10 au 11 inatosha kwa bageti za nyumbani. Ile inayojifanya nyeusi yenyewe moto unapowaka ni raha kwa anayeanza, kwa sababu anaona mahali anapoweka ncha.

Na watoto. Parseli za Lubumbashi zina watoto, na hakuna kinachowavuta kama nyota ya bluu inayowaka uani. Hawana barakoa. Turubai au mabati mawili yaliyosimamishwa kati ya kazi na mlango wa jikoni yanafanya kile ambacho makelele hayafanyi.

Mikono ifunikwe kwa ngozi, nguo ziwe za pamba, viatu viwe vikavu. Posti isiyo na mzigo ina volti 60 hadi 80 kwenye bageti. Kwa mtu mkavu ni mshtuko mdogo. Kwa aliyelowa jasho, amepiga magoti kwenye udongo wa mvua, inaweza kuua. Mabati na mirija yenye zinki isagwe kwanza mahali pa kuchomelea, na kazi ifanyike nje: moshi mweupe wake huleta homa usiku.

Lango ndiyo, tanki hapana

Orodha ya kazi zinazofaa ni ndefu: viti, meza, mbabula, rafu, antivoli za madirisha, bawaba ya lango dogo, kibebeo cha baiskeli, toroli. Kwa hizo, kosa la mwanafunzi humrudishia aibu na saa moja ya kusaga.

Shida huja mwezi wa tatu, mtu anapoanza kujiamini. Anatazama lile tanki la maji la plastiki na kujiambia kwamba mnara wa kuliweka juu hauwezi kumshinda. Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani moja juu ya vichwa vya watu. Kiungo kinachoonekana kizuri kwa nje kinaweza kuwa kimekaa juu ya chuma bila kuingia ndani, na hakuna jicho la mwanafunzi linaloweza kutofautisha. Kazi hiyo ni ya fundi. Vivyo hivyo usukani na shasi ya gari, ngazi ya ghorofa, chupa ya gesi.

Pipa lililowahi kubeba mafuta ni hatari ya aina yake. Kuliosha kwa maji na kuliacha wazi juani hakulifanyi kuwa salama. Mabaki ya mafuta yaliyoganda kwenye mikunjo yanageuka mvuke yakipata joto, na mvuke huo ukichanganyika na hewa unalipuka. Mwenye kutaka jiko la pipa atafute pipa ambalo anajua halikubeba mafuta.

Posti yenyewe haidai mengi. Bageti zikae kwenye mkebe unaofungwa tangu Novemba mvua inapoanza, maana zilizonyonya unyevu hutoa moto wa kurukaruka na viungo vyenye vitundu. Mashine isiwekwe karibu na meleze inayosaga chuma, kwa kuwa feni yake huvuta unga wa chuma na kuupeleka moja kwa moja juu ya bodi. Kila baada ya miezi michache ichomolewe ukutani, iachwe dakika kumi na tano ili umeme uliohifadhiwa ndani uishe, kisha ipulizwe vumbi kwa upepo mkavu. Mende pia hupenda joto la ndani yake; sanduku lenye kifuniko linatosha kuwazuia.